Siku moja maishani mwangu: digrii ya fizikia, kazi ya kupima sensa za joto

Saa 12 asubuhi naamka nakuta meseji ya mdogo wangu wa chuo, kaituma usiku wa manane: "dada, miezi minne natafuta kazi ya mwanafizikia, hamna." Iliniuma maana na mimi nilipita humo humo, unaandika "mwanafizikia" zinakuja za ualimu na utafiti basi, viwandani kimya.

Saa 2 nipo maabara. Mimi nakalibreti sensa za joto za viwandani, yaani nakagua kama hivyo vifaa vya kuhisi joto vinasoma sawasawa, na leo kuna sita za aina ya Pt100. Ndani ina waya mwembamba wa platinamu, kwenye nyuzi 0 ukinzani wake wa umeme ni omu 100, kwenye nyuzi 100 inatakiwa isome kama omu 138.5. Naichomeka kwenye bloku la joto pamoja na sensa ya rejea, ile tunayojua inasoma sahihi, halafu nasubiri itulie, ukiharakisha tu umeharibu. Ya nne ikasoma 138.9. Nikarudia, ile ile. Ukigeuza kuwa joto, hapo imezidi kama nyuzi moja hivi, na daraja lake la usahihi, daraja B, kwenye joto hilo linaruhusu kukosea nyuzi 0.8 tu, kwa hiyo imefeli.

Saa 5 nakokotoa mashaka ya kipimo, kwamba jibu langu linaweza kupishana na ukweli kwa kiasi gani, yaani ile kazi ya praktiko za mwaka wa kwanza ambayo wengi tuliiona usumbufu, na ndo iliyonipa ajira! Kwenye intavyuu hawakugusa kwantamu kabisa, waliniuliza: ukipima mara kumi ukapata majibu kumi tofauti, utamwambia nini mteja?

Mchana nakula fasta, jioni naandika vyeti na kumpigia injinia wa mteja nimweleze ile ya nne.

Saa 2 usiku nampigia mdogo wangu, tunafungua CV yake. Kaandika "mradi wa seli za sola", basi. Namuuliza ulifanya nini hasa? Kumbe alipima seli 24, akaandika programu ya Python ya kuchora grafu zake, na yote hayo hayamo! Tukaandika upya, tukatafuta kwa majina ya kazi zenyewe: kalibresheni, udhibiti wa ubora, uchambuzi wa data, leza, utengenezaji wa chipu. Fizikia ya hospitali nilimwambia mapema kwamba kwa kawaida inadai asome tena na afanye mafunzo ya vitendo.

Saa 4 tunakaribia kumaliza ananiuliza, "dada, na ile pampu ya vakyumu iliyokuwa inavuja nikaitengeneza mwenyewe, niiweke?"

Iweke juu kabisa, nikamwambia.