Tanga la kusi, tanga la kaskazi

Nimengoja miezi minane kuandika haya kuhusu nilivyochagua tanga la mbele la boti yangu, kwa sababu nilitaka tanga jipya lipite kwanza kwenye upepo wa kusi.

Boti yangu ni ya futi 31, hulala katika hori ya Kilifi. Niliinunua pamoja na matanga yake, na la mbele lilikuwa jenoa, yaani tanga kubwa linalopita nyuma ya mlingoti, la asilimia 150, linalokunjwa kwa rola, yaani kwa kuzungushwa kwenye waya wake. Kwa asiyeizoea hesabu hiyo: pima kutoka mlingoti hadi pale waya wa mbele unaposhika sitaha. Kwangu ni mita 3.60. Kisha pima tanga lenyewe, kutoka pembe inapofungwa demani, kamba ya kuvutia tanga, hadi ukingo wa mbele, kwa njia fupi kabisa. Langu lilikuwa mita 5.40, mara moja na nusu.

Wakati wa kaskazi nililipenda mno. Januari, upepo wa noti 10 (maili 10 za baharini kwa saa), lilikuwa linavuta peke yake hata tanga kuu sikulihitaji.

Shida ni Julai. Kusi ikifika noti 20, nguvu juu ya tanga si mara mbili ya ile ya noti 10, ni mara nne. Siku moja mimi na mdogo wangu tulikuwa tunakwenda Mombasa, upepo usoni, na mkondo wa pwani yetu, ambao hupanda kaskazini mwaka mzima, ukiturudisha. Nikalikunja jenoa mpaka likabaki theluthi mbili. Likavimba katikati kama kikapu. Boti ikalala ubavu, haipandi joshi, upande upepo unakotoka, inasukumwa tu pembeni. Tukabisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, kwa muda wa saa tano, na kila tukikisi, tukigeuza upande, na kuikaribia nchi naiona minazi ile ile. Tukarudi Kilifi. Nyuzi za ukingo wa nyuma zilikuwa zimeshaliwa na jua, na siku ile zikaachia karibu mita nzima.

Mshonaji aliponiuliza kipimo cha tanga jipya, nilikuwa tayari kujibu, "Kama la zamani." Kabla sijatuma nikampigia baba. Alikuwa nahodha wa jahazi huko Lamu na hajawahi kushika rola. Akaniuliza, "Mwanangu, hilo tanga ni la msimu gani?" Wao walibeba mawili, kubwa na dogo, na walijua lini kutweka lipi. Mimi nilikuwa nataka moja lifanye kazi ya yote mawili, na nilikuwa nimechagua kwa kukumbuka Januari.

Basi nikakaa na kalamu. Ukingo wa mbele wa tanga langu unaweza kuwa mita 11.60, kwa sababu ngoma ya rola chini na kizungushio juu vinakula sehemu ya waya. Asilimia 150 ni mita za mraba 31 na kidogo. Asilimia 135 ni 28. Asilimia 120 ni 25. Asilimia 100, ambalo ndilo ningelitaka siku ile ya Julai, ni karibu 21. Kulitoa la 150 mpaka 21 ni kukunja theluthi nzima, na hakuna tanga la rola linalobaki na umbo baada ya hapo. Kulitoa la 120 mpaka 21 ni kukunja sehemu moja ya sita tu, na hapo bado linakaa bapa, hasa likishonewa mkanda wa sponji kwenye ukingo wa mbele. Hilo ndilo lililoniamulia. Nikaagiza 120, kitambaa cha poliesta kizito kiasi, gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, na ukanda wa kuzuia jua ukingo wa nyuma na wa chini.

Nilikaribia kusahau reli ya kapi, ile inayopitisha demani. Tanga fupi huleta pembe ya demani mbele, na kapi nayo lazima isogee. Nilifunga kamba mahali pembe mpya ingekuwa, nikaivuta hadi relini: ukiirefusha kamba hiyo kwa macho kwenda mbele, inatakiwa ikutane na ukingo wa mbele wa tanga karibu na katikati yake. Reli yangu ilitosha, ikabaki na mashimo mawili tu. Ningeagiza 100, ningelazimika kutoboa sitaha.

Nimepoteza kitu, sikatai. Wakati wa malelezi, kati ya kusi na kaskazi, upepo ukiwa wa noti 6, nawasha injini mapema kuliko zamani, na hilo linaniuma kwa sababu napenda kimya.

Mwezi uliopita tulitoka tena, saa kumi na moja alfajiri, noti 20 usoni. Tulikaa karibu na mwamba kadiri tulivyothubutu, ambako mkondo hupungua, tanga limekunjwa mizunguko mitatu. Mdogo wangu alishika usukani kwa mkono mmoja, chai mkono wa pili. Alasiri tukaingia Mtwapa, karibu na Mombasa.