Nukuu bila ukurasa ni uvumi tu

Picha za maneno ya hekima tunazotumiana asubuhi zinapendeza, ila nyingi hazitaji kitabu wala mwaka. Ile ya "hofu yetu kubwa" inayobandikwa sura ya Mandela, eti aliisema alipoapishwa mwaka 1994, haimo katika hotuba ile. Ni ya Marianne Williamson, Mmarekani, kutoka kitabu chake cha 1992.

Ukitaka kutunza nukuu, chukua daftari la kawaida. Nakili sentensi jinsi ilivyo, kisha mwandishi, kitabu, toleo na ukurasa. Ongeza sentensi iliyotangulia na inayofuata, maana bila hizo maneno hugeuzwa kirahisi. Ikiwa ni tamthilia, andika nani anasema! Ule ushauri wa kutokopa wala kukopesha husifiwa kuwa busara ya Shakespeare, kumbe katika Hamlet unatoka kinywani mwa Polonius, mzee mwenye maneno mengi ambaye baadaye anamtuma mtu akampeleleze mwanawe huyo huyo aliyemuusia.

Moja kwa siku inatosha. Karibu miaka 2,000 iliyopita Seneca, mwanafalsafa wa Roma, alimwandikia rafiki yake Lucilius: ukisoma mengi, teua wazo moja ulitafakari siku hiyo. La kwake siku ile alilitoa kwa Epicurus, mwanafalsafa Mgiriki wa kundi pinzani, wala hakuona haya.

Chini ya kila nukuu acha nusu ukurasa wazi, uandike ilipokufaa au ilipogoma: deni, ugomvi wa nyumbani, kazini. Ikipita miezi na nafasi bado tupu, ifute.