Maji ya Moto ya Somo

Niliahidi kuandika habari za harusi yangu mara tu tutakaporudi kutoka fungate, na picha ninazo, lakini tangu tuliporudi Tanga nimeshindwa kuandika lolote kabla sijalitua neno moja la Somo, kungwi wangu, kwa sababu haliniachi, niwe jikoni au niwe nasahihisha madaftari ya wanafunzi.

Lilisemwa barazani, asubuhi ya pili ya harusi, gari likiwa limeshapakiwa. Somo alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, anatunga asumini za kunifunga nywele. Namna yake ya kutunga mnaijua ninyi mliowahi kumwona: uzi huuchomoa kwenye pindo la kanga kuukuu, ncha moja huishika kwa meno, na kila ua hulitoboa kwenye kikonyo ili lisikatike. Bwana, mume wangu, alipotoka na sanduku la mwisho alimwamkia, akaitikiwa marahaba, kisha Somo akamwuliza bila kuinua macho: “Sasa mwanangu, siku saba hizi mimi nitampelekea nani maji ya moto?”

Bwana akamjibu kwa adabu, “Usiwe na wasiwasi, Somo, tutakupigia simu kila siku.”

Somo akafunga fundo, akakata uzi, akasema, “Simu haipeleki maji ya moto.”

Wanawake waliokuwa wakikunja majamvi walicheka, Bwana naye akacheka, na kwa kuwa Somo mwenyewe alitabasamu, kila mtu aliuchukulia kuwa ni utani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na uso wake niliuona kabla hajatabasamu.

Mnajua nafasi ya Somo katika nyumba yetu. Ndiye aliyemhudumia Mama katika fungate yake, akawahudumia mama zangu wadogo, na dada yangu alipoolewa alihamia kwake wiki nzima akiwa na kapu lake la udi na chetezo. Alfajiri hubisha hodi, huacha ndoo ya maji ya moto mlangoni na kuondoka bila kusubiri kuonwa. Baadaye hurudi na uji wa pilipili manga na supu ya kuku, hubadilisha shuka, hufukiza chumba, humwaga asumini kitandani, na jioni hupeleka salamu kwa wazee wa pande zote mbili kwamba watoto ni wazima na wanaelewana. Maharusi hawana la kufanya ila kuzoeana. Mimi alinisinga kwa singo aliyoitwanga mwenyewe, akanipaka hina na piko, akanifundisha aliyonifundisha, na alipofika kwenye kazi anayoipenda kuliko zote, tukawasha gari tukaenda zetu. Safari hiyo tulikuwa tumeipanga tangu wakati wa uchumba, wazazi wameiridhia, na Somo mwenyewe aliambiwa mapema na hakuipinga.

Sherehe ilikwenda vizuri: ndoa ilifungwa msikitini baada ya sala ya alasiri, walima ukaliwa, mvua ikanyesha wakati wa kutiwa nyumbani na ikakatika yenyewe, na taarabu ikapigwa hadi watoto wakalala kwenye viti.

Njiani nililisikia neno hilo kila tulipopunguza mwendo. Muheza tulinunua machungwa ya kwenye nyavu, na huku nikimmenyea Bwana nilikuwa najiuliza kama sauti ya Somo ilikuwa ya kulalamika au ya kutania. Tulipofika Segera nilikuwa nimeamua kwamba ilikuwa ya kutania. Kabla ya Korogwe nikakumbuka kwamba neno lake la kwanza lilikuwa na “mwanangu” ndani yake, na lile la pili halikuwa nalo. Nikaanza kulipima upya lote, neno kwa neno. Mombo, mahali ambapo reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika mwaka 1905, tuliiacha barabara kuu ili tuanze kupanda milima ya Usambara, na hapo nikashindwa kujizuia. Nikamwuliza Bwana, “Unadhani Somo alikasirika?”

“Alitania, mke wangu,” akasema. “Nawe ulimwona akicheka.”

Nilimwona akitabasamu, na sikuwa na haja ya kubishana na mume wangu kuhusu tofauti hiyo.

Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi, na karibu yote ni kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Hatujafika Soni, Bwana akaanza kunisimulia habari za marehemu baba yake bila ya mimi kuuliza. Sikuwahi kujua kwamba mzee aliendesha lori la mboga katika barabara hiyohiyo, akishusha kabichi na karoti za Lushoto kuzipeleka Tanga. Wala kwamba wakati wa likizo alikuwa akimchukua mwanawe, akimketisha kati yake na utingo, na kumpa kazi ya kusema “honi” kila wanapokaribia kona, ndipo honi ipigwe. Mtoto akisahau, baba alipunguza mwendo akasubiri mpaka akumbuke. Bwana alisimulia hayo yote macho yakiwa barabarani, na tulipokaribia kona moja kali alinyamaza, akapiga honi, akajifuta uso kwa kiganja. Kwenye maporomoko ya Soni tulisimama muda mrefu kuliko tulivyokusudia.

Katika miaka yote ya uchumba wetu hakuwahi kumtaja baba yake zaidi ya kumwombea rehema. Ninaamini kabisa kwamba asingeyasema hayo chumbani kwetu, huku nyayo za watu zikisikika ukumbini na vijiko vikigongana jikoni. Alihitaji barabara ile, na alihitaji kutonitazama. Kuanzia hapo nilianza kuifurahia safari kwa moyo wote. Lushoto ya mwezi Juni ina baridi ambayo sisi watu wa pwani hatuna nguo zake, kwa hiyo tulitembea tumejitanda shuka moja la kimasai watu wawili, tukala matunda damu, tukapanda hadi Irente kulitazama bonde lilivyotandaa chini huko Mazinde. Tulicheka kwa mambo ambayo sitayaandika hapa.

Hata hivyo, asubuhi ya kwanza kijana wa nyumba ya wageni alibisha hodi, akaweka ndoo ya maji ya moto mlangoni, akaondoka. Maji yalikuwa yamechemshwa kwa kuni, yananukia moshi. Niliitazama ndoo ile ikitoa mvuke, nikafikiri kwamba yule kijana hata jina langu halijui, na kesho yake atampelekea mgeni mwingine. Tulipompigia Somo, kama Bwana alivyoahidi, aliuliza jambo moja tu kabla ya salamu za watu wa nyumbani: “Maji mnapata?” Nikamwambia tunapata, na ni ya moto. Akasema, “Haya, alhamdulillahi.” Na hiyo “haya” nayo nimekwisha kuipima mara nyingi.

Tuliporudi pwani hatukwenda nyumbani moja kwa moja, bali tulishika barabara ya Pangani, tukapita Tongoni kuyasalimia makaburi ya kale yenye nguzo, kisha tukavuka mto kwa pantoni hadi Bweni tukielekea Ushongo. Siku za Ushongo zilikuwa za kulala na kuogelea, na sina la kuziongezea.

Jana nilikwenda kumwangukia Somo kwa salamu, nimembebea mapeasi na shali ya sufu ya huko milimani. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, kununiwa au kutaniwa, isipokuwa kwa nililolikuta: Somo hakuwepo. Mjukuu wake aliniambia kwamba, tulipokwisha kuondoka tu, kulikuwa na harusi mtaa wa pili, somo wa yule bibi harusi akashikwa na homa, na Somo wangu akaombwa ashike nafasi yake. Nilimsubiri. Alirudi magharibi, amechoka, uso unang'aa, kanga zake zinanukia udi, akanikumbatia na kunisifia rangi, kisha akanihadithia kwa furaha jinsi yule binti alivyo na haya, jinsi anavyoupenda uji, na jinsi mumewe alivyotoka mwenyewe kumpokea ndoo.

Niliona wivu. Nilikuwa nimelibeba neno lake kutoka Tanga hadi Lushoto na kutoka Lushoto hadi Ushongo, nikimwonea huruma kwa siku saba nilizomnyima, kumbe siku hizo alikuwa nazo, na aliyezikosa ni mimi. Kama ningeambiwa nichague tena leo, ningeichagua ile barabara ya Soni na lile lori la mboga, bila kusita. Na bado ningetaka kuisikia hodi ya Somo alfajiri, kwa jina langu, mlangoni kwangu. Sijui kama kuna namna ya kuvipata vyote viwili, na nilipomwuliza Mama aliniambia nikapumzike.

Kwa Mama ndiko nilikolikuta jambo jingine. Baba anakohoa. Alikohoa siku ya walima, tukasema ni moshi wa majiko, lakini moshi umekwisha na yeye bado anakohoa, hasa usiku. Wengi wenu mnakumbuka kwamba alitumia miaka yake ya ujana katika mashamba ya mkonge, ndani ya chumba cha kupigia nyuzi brashi, ambako vumbi lilikuwa likielea kutwa na kitambaa cha puani ndiyo kinga pekee waliyokuwa nayo. Mama anasema amekataa kwenda hospitali ya Bombo mpaka wageni wote wa harusi watakapokuwa wameondoka, na shangazi zangu wa Handeni wameongeza wiki. Kesho baada ya vipindi nitakwenda nikamchukue mwenyewe.