Usiku ami alipouliza maji ya farasi

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 30 Septemba 2022, tumekaa kwa ami huku Kibokoni, Mombasa, laptopu nimeichomeka kwa TV, episodi ya sita ya The Rings of Power, siries iliyotokana na hadithi za mwandishi Mwingereza Tolkien, imetoka siku hio hio. Mie Tolkien nimemsoma tangu niko sekondari na hii siries niliingojea kwa hamu sana. Ami vitabu hivyo havijui, lakini ujanani alikuwa baharia wa jahazi, Lamu, Unguja, mpaka Arabuni kafika, kwa hivyo nilipomwambia kuna watu wa kisiwa cha Númenor ambao ndio mabingwa wa bahari kuliko wote akavuta kiti mbele.

Basi kuna kijiji kimezingirwa usiku kucha na maorki, yale majitu maovu ya hadithi hizo, na huku meli tatu za Númenor ziko njiani. Alfajiri, watu wanakaribia kuchinjwa, mara askari wa Númenor hao, wanaingia mbio na farasi! Wadogo zangu wakapiga vigelegele. Ami akasema hebu simamisha.

"Kwao wametoka lini?" Nikamwambia haijasemwa. "Kwa upepo gani?" Haijasemwa. "Na farasi wote hao wamekunywa nini?"

Akaanza kunihesabia, farasi mmoja kwa siku hapungui lita 20, na jua la baharini lazidisha kiu, sasa mapipa ya maji yalikaa wapi, na mnyama aliyesimama melini siku nyingi akishuka nchi kavu huwezi kumpandisha pale pale ukamkimbiza. Na kijiji wamekijuaje, usiku, nchi ya ugenini? Alikuwa achora kwenye kitambaa cha meza kwa kile kidole chake chenye kovu la kamba, hapa pwani, hapa mto, hapa mlima, kila akifika mahali aniangalia nimjibu na mie jibu sina. Sisi hapa hata asiyepanda chombo ajua kaskazi ndio iliyokuwa ikileta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi na kusi ikiyarudisha, na kusi ikichafuka samaki waadimika sokoni. Watu wa Númenor nao wangekuwa na mambo yao kama hayo, na si lazima mtu asimame ahutubie, neno moja tu la baharia latosha.

Kilichoniuma ni kwamba Tolkien mwenyewe aliyafikiria. Katika Unfinished Tales, kile kitabu kilichotoka 1980 yeye ameshafariki, meli ya Númenor ikisafiri hufungwa tawi bichi la mti oiolairë kule omo, na wa kulifunga kwa kawaida ni mwanamke wa jamaa za nahodha, ili chombo kirudi salama. Nilipomsimulia ami hilo akanyamaza kidogo, akasema huyo mwandishi alikuwa na heshima na bahari.

Tukaendelea. Vita vimeisha, mama mmoja wa kijiji amuuliza Halbrand, mtu aliyekuja na meli zile, wewe ndiye mfalme tuliyeahidiwa? Ajibu ndio, watu wafurahi, imekwisha. Ushahidi wake ni kijimfuko cha shingoni chenye alama ya ufalme, ambacho episodi ya tatu alisema mwenyewe kakitoa kwa maiti! Ami akashika kichwa. "Hapana hata mzee mmoja wa kumuuliza babake nani?" Na hapa ndipo kwetu mtu hapiti, mji huu wa Thenashara Taifa, yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, ukija kuposa tu utaulizwa mpaka babu wa babu, sembuse kuja kutawala.

Tarehe 14 Oktoba ikatoka episodi ya mwisho, Galadriel, yule shujaa wa kike aliyemleta Halbrand, ndio kwanza aomba kumbukumbu za nasaba aone, kumbe ukoo ule wa wafalme ulikatika miaka 1000 nyuma, na Halbrand ni Sauron, yule adui mkuu mwenyewe. Nilimpigia ami usiku ule ule. Akaniuliza hizo karatasi zilikuwako siku zote? Nikamwambia zilikuwako. Yaani walioandika siries walizuia nchi nzima isiulize swali la kwanza kabisa ambalo mtu yeyote angeuliza, sababu likiulizwa siri yao yafichuka, na mie mpaka leo hilo sijawasamehe.

Sizoni ya pili ikaja Agosti 2024, na episodi ya kwanza tu ndio wakatuonyesha kijimfuko kilikotoka, meli yazama, mzee amenasa, Halbrand akichukua na kumwacha afe. Kipande kizuri mno, kimeigizwa vizuri, lakini kilitakiwa kabla watu hawajamwita mfalme.