Kadi ya Mtu Mwingine

Jumamosi ya tarehe 23 Desemba 2023 nilishuka kwenye daladala katikati ya mji wa Mwanza nikiwa na haraka kubwa. Benki zilikuwa zimeshafungwa, na mpango wangu ulikuwa kutoa fedha kwenye mashine, kupita Makoroboi kuchukua nguo za watoto na kitenge cha mama mkwe, kisha kuwahi Mwaloni, Kirumba, kununua sato na dagaa kabla jua halijazama. Mshahara wa Desemba ulikuwa kwenye akaunti, na ndani ya mshahara huo ilikuwamo ada ya Januari.

Kwenye ATM palikuwa na foleni ndefu. Kijana aliyesimama nyuma yangu alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo, mama," nami nikamwitikia. Zamu yangu ilipofika nilibonyeza namba ya siri bila kuziba vitufe kwa mkono wa pili, jambo ambalo siku nyingine nililifanya bila hata kufikiri. Mashine ilisitasita, ikasema mtandao haupatikani, ikarudisha kadi bila fedha. Yule kijana akasogea akaniambia kwamba mashine ile huwa inasumbua kadi zikiwa na vumbi. Aliichukua kadi kwa vidole viwili, akaifuta upande wa mstari mweusi kwenye pindo la shati lake, akanirudishia. Sikuona kitu cha ajabu. Kwetu mtu mzima akikwama, kijana humsaidia, na mimi mwenyewe nimewafundisha watoto wa watu kufanya hivyo kwa miaka mingi.

Nilijaribu tena, mashine ikasema namba ya siri si sahihi. Nikajaribu mara ya pili, jibu likawa lile lile. "Usijaribu mara ya tatu, mama, itameza kadi, na sikukuu hii utaipata lini?" Ni kweli kwamba mashine humeza kadi baada ya kukosea mara tatu, na kwa sababu ushauri ulikuwa wa kweli niliuamini pamoja na huyo aliyeutoa. Akaomba namba yangu ya simu ili anipigie mtandao ukirudi. Nikampa, nikamshukuru, nikaondoka.

Niliingia kwenye duka la vitenge ambalo hupokea malipo kwa kadi. Mama mwenye duka, ambaye hunifahamu, alinipa mashine yake niweke namba ya siri, nayo ikakataa. Akaitoa kadi, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni na kuisoma. "Mwalimu," akasema taratibu, "hili si jina lako. Hii ni kadi ya mwanaume."

Rangi ilikuwa ile ile, benki ile ile. Hata pembe moja ilikuwa imechubuka, kama ya kwangu. Nilipekua mkoba nikitafuta simu, ambayo kwa kelele za Makoroboi sikuwa nimeisikia, nikakuta ujumbe wa benki mara mbili: shilingi 400,000 zimetolewa, kisha 400,000 nyingine. Nilitaka kuipigia benki, lakini namba ya huduma kwa wateja huwa imeandikwa nyuma ya kadi, na kadi yangu ilikuwa mikononi mwa mwizi. Yule mama ndiye aliyenigeuzia kadi niliyokuwa nayo, namba ikiwa pale pale mgongoni mwake. Nikapiga. Wakati muziki wa kusubiri unaimba sikioni, ujumbe wa tatu ukaingia: 200,000. Kisha mhudumu akapokea, akaniuliza maswali ya kunitambua, akaifunga kadi.

Nyumbani sikusema lolote. Nilimwambia baba watoto kwamba mshahara ulichelewa, nikakopa kwa jirani fedha ya mchele na mafuta, na Krismasi tukaila. Niliona aibu. Mwalimu mzima, ambaye mwaka ule ule alisimama mbele ya wanafunzi akiwaonya juu ya matapeli wa mitandao, angelielezaje jambo hilo kwa mumewe?

Jioni ya sikukuu simu ikaita. Mwanaume mwenye sauti ya upole alijitambulisha kuwa anatoka benki, akanitaja kwa majina yangu yote matatu, na akataja kiasi kilichoibwa. Alisema fedha zangu zimeonekana na zingerudishwa usiku ule, ila nimsomee tarakimu sita zitakazoingia kwenye simu yangu. Kwa kuwa nilikuwa naficha, nilitoka nje nikapanda kwenye jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba yetu, mahali ambapo ziwa linaonekana lote, ili nizungumze pasipo kusikiwa. Tarakimu ziliingia. Nikaanza: "Nne, saba..." Mlango ukafunguka, baba watoto akauliza, "Unamsomea nani namba gizani?"

Nikakata simu. Nikamweleza yote nikiwa nimekaa pale pale juu ya jiwe. Hakunigombeza. Aliniomba simu, akausoma ujumbe mpaka mwisho, akanionyesha mstari wa chini ambao sikuuona: usimpe mtu yeyote namba hii, hata mfanyakazi wa benki. Mtu alikuwa anajaribu kuisajili akaunti yangu kwenye simu yake, na mlango pekee uliobaki ulikuwa zile tarakimu sita. Namba iliyonipigia akaituma kwenda 15040, ambako Mamlaka ya Mawasiliano hupokea taarifa za namba za matapeli, na usiku huo huo tukaenda polisi kuchukua RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yetu.

Tarehe 27 benki ilifunguliwa. Ofisa alinieleza kwa upole kwamba kwa kumbukumbu za mashine ni kadi halisi na namba sahihi ya siri vilivyotumika, hivyo mashine haikuwa na sababu ya kukataa. Fedha hazikurudi. Nilibadilishiwa kadi, na nikaombwa niiache ile niliyopewa. Ofisa aliangalia jina, akaandika kitu kwenye kompyuta yake, kisha akasema kwamba mwenyewe alikuwa ameshatoa taarifa, siku moja kabla yangu. Akachukua mkasi, akaikata katikati, jina likagawanyika vipande viwili juu ya meza. Niliondoka nikimfikiria yule baba nisiyemjua, kama naye alibaki na kadi ya mtu mwingine mkononi, na kama nyumbani kwake alimwambia mtu.