Futari ya Ming'oko

Mwaka 2014 Ramadhani iliangukia kiangazi, nami nilikuwa kwa bibi, kijijini Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde. Nilikuwa na miaka 15. Huku Dar es Salaam ming'oko, vile viazi mwitu vyembamba vya kusini, niliijua ya kuletewa, imeshachemshwa, mama akiimenya polepole kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Inatoka wapi, sikuwahi kuuliza.

Mtaani kwa bibi kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kupeleka futari barazani. Zamu yetu ilipofika nilidhani tutanunua viazi gulioni. Bibi akatoa jembe na muo wake, ule mti uliochongwa ncha.

"Viazi vya gulioni wanakula mwaka mzima," alisema. "Ming'oko ni sasa."

Tulitoka baada ya swala ya alfajiri, bibi, mimi na jirani yake. Jirani alikuwa Mkristo, hakufunga, lakini tangu tunaondoka mpaka tunarudi sikumwona akigusa maji mbele yetu.

Kiangazi majani ya mng'oko huwa yamepukutika. Kinachobaki ni ugwe mkavu, mwembamba, umejisokota vichakani katikati ya vijiti vingine vikavu vinavyofanana nao. Bibi aliushika kwa vidole viwili akaufuata taratibu mpaka unapoingia ardhini. "Ukikuta miiba, acha. Hiyo ndiga." Ndiga ni kiazi mwitu chenye sumu. Wakati wa njaa watu walikikatakata na kukiloweka siku kadhaa ndipo wakala. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, nikajua amewahi kuila.

Jembe ni la kufungulia udongo tu. Ukiendelea nalo unaikata ming'oko, kwa hiyo baada ya hapo ni muo na mikono. Ming'oko imekaa chini vidole vidole, mingine haizidi kidole cha mtoto, na shimo linaweza kukumeza mpaka begani kwa konzi mbili tu za chakula. Jua lilipopanda koo lilinikauka. Nikaanza kuvuta. Nilichimba mashimo matatu upesi, nikang'oa kila kitu pamoja na kichwa, pale ugwe unapoanzia, nikayaacha wazi, nikaenda kukaa kivulini na kikapu kilichojaa.

Bibi akaja. Nilitegemea anisifu. Akatoa kichwa kimoja kikapuni, akakigeuza kiganjani.

"Hiki hakiliwi. Umekitoa cha nini?"

Nikanyamaza.

"Aliyechimba hapa kabla yako alikirudisha akafukia. Asingefanya hivyo, leo ungekuta nini?"

Nililia, kwa kiu na kwa aibu. Hakunigombeza zaidi. Alipiga magoti na miaka yake ile, akaweka kichwa cha kwanza shimoni, akanionyesha namna ya kushindilia udongo kwa kiganja bila kukiumiza. Viwili vilivyobaki nilifukia mwenyewe.

Nyumbani, maji yalikuwa ya kununua kwa dumu. Tuliisugua ming'oko yote kwa ndoo moja, na yale maji mekundu akayamwagia mpapai. Akaipanga chunguni na ganda lake, chumvi, maji kidogo, akafunika kwa jani la mgomba. Ilipoiva alianza na mabakuli ya watu: la barazani, la watoto wa madrasa, la jirani tuliyechimba naye, la mama aliyejifungua wiki ile. Nilikuwa nikitazama chungu kinavyopungua, na nilikuwa na njaa.

Bakuli la mwisho nilitumwa kwa mzee mmoja aliyekuwa haoni tena, na miguu haimfikishi barazani. Nilifika adhana ikisomwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa."

Alifungua kwa maji, akanipa kikombe na mimi. Kisha akapapasa bakuli, akachukua mmoja, akaumenya kwa ukucha bila kupoteza hata kipande. Nyama ilikuwa nyeupe, bado inatoa moshi. Akatafuna muda mrefu.

"Mmechimba upande gani?"

Nikamwelekeza.

"Nakujua huko. Nilichimba kabla baba yako hajazaliwa." Akanyamaza kidogo. "Vichwa mmerudisha?"

"Tumerudisha, babu."

Akachukua mwingine, akanisogezea bakuli.