Kolonya ya Malimau Katika Joto la Mwanza

Wauzaji wengi wa manukato katikati ya jiji letu humpulizia mteja mkononi, humsubiri avute pumzi moja, kisha hutaja bei. Kwa manukato mazito ya udi au ambari utaratibu huo hauna madhara makubwa, lakini kwa kolonya, yaani manukato mepesi, iliyojengwa juu ya malimau na majani yenye harufu, pumzi ile ya kwanza haielezi lolote la maana.

Sababu imo katika mafuta yenyewe. Mafuta ya maganda ya limau, chungwa na bergamoti, tunda linalolimwa zaidi Calabria, kusini mwa Italia, yana limonini kwa wingi, nayo ni kemikali yenye molekuli ndogo isiyokawia kugeuka mvuke. Spiriti inayochanganywa na mafuta hayo hutangulia kuondoka pamoja na ukali wake unaochoma pua. Ndipo malimau husikika yakiwa safi, yenye uchungu kidogo wa ganda, na kwenye ngozi yangu hufifia kabla ya nusu saa kwisha. Mchana wa Oktoba, mawe ya Capri Point, hapa Mwanza, yakiwa yamepata moto, huondoka upesi zaidi, kwa kuwa joto ndilo linaloharakisha mvuke.

Mimi huanza kuipima kolonya hapo wengine wanapodai kwamba imekwisha. Lavenda, rozmari na mrehani, pamoja na mafuta ya majani na maua ya mdanzi (mchungwa mchachu), hujitokeza polepole, na ikiwa mtengenezaji ni hodari hutaweza kusema ni dakika gani tunda lilipoyaachia majani nafasi. Bergamoti ndiyo inayounganisha pande hizo mbili, maana ina linaloli, kemikali ya harufu ambayo imo pia kwa wingi ndani ya lavenda. Edmond Roudnitska alipoitunga Eau Sauvage ya Dior mwaka 1966, aliongeza hedioni, kemikali yenye harufu nyepesi inayokaribia asumini, na kwa njia hiyo ule ubichi wa limau huonekana kuendelea hata baada ya limau lenyewe kutoweka. Mwishoni hubaki miski na miti mikavu, tena karibu kabisa na ngozi. Sehemu hii hufanana katika chupa nyingi, kwa hiyo sioni haja ya kuilipia sana.

Malalamiko kwamba kolonya "haikai" huwa siyaelewi vizuri. Tangu Johann Maria Farina alipoibuni mjini Cologne, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya kumi na nane, aina hii imekuwa nyepesi, kwa kawaida ikiwa na mafuta ya manukato asilimia 2 hadi 5 tu, na mtu hutarajiwa kujipaka tena. (Anayetaka harufu ya kumfuata hadi usiku anunue udi, aache kumlaumu muuzaji.)

Tahadhari moja inawahusu hasa wanaoshinda juani, kwa mfano wanaosubiri kivuko cha Kamanga adhuhuri. Mafuta ya bergamoti ambayo hayakuondolewa bergapteni, kemikali inayoifanya ngozi idhurike kwa jua, yanaweza kuunguza ngozi inapopigwa na jua na kuacha mabaka meusi. Siku za namna hiyo mimi huipulizia shati upande wa ndani, mahali ambapo doa halitaonekana, na kitambaa huihifadhi harufu kwa muda mrefu kuliko shingo.